Kontena la parachichi kutoka Rungwe hadi melini: namba, lakiri, baridi na saa

Mtu akikuuliza mzigo umefika wapi, nawe ukamwonyesha kidoti kinachotembea kwenye ramani ya simu, bado hujamjibu. Kidoti ni cha lori. Lori linaweza kuwa Makambako kweli, huku jenereta ya kontena imezimwa tangu Igawa, lakiri (sili ya mlango) si ile iliyofungwa kiwandani, na namba iliyoandikwa kwenye nyaraka ni ya kontena jingine kabisa. Kufuatilia mzigo ni kujua nani anaushika sasa, aliupokea ukiwa katika hali gani, na kitu gani kilipaswa kuwa kimeshatokea kufikia saa hii. Hayo yote huandaliwa huku Mbeya, lori likiwa bado limeegeshwa. Yasipoandikwa hapa, Dar es Salaam hakuna mtu wa kukuandikia.

Mfano wa hapa chini ni kontena la baridi la futi 40 lililojaa parachichi aina ya Hass, kutoka Rungwe kwenda Ulaya kupitia bandari ya Dar es Salaam. Sababu ya kuuchagua ni kwamba katika mizigo yote inayotoka nyanda hizi, huu ndio usiosamehe. Mbao za Mafinga au chai ya Mufindi ikichelewa siku tatu, utalipa gharama za kuchelewa na biashara itaendelea. Parachichi likikaa siku tatu kwenye joto, limeshaanza kuiva, na hakuna baridi ya kulirudisha nyuma. Anayejua kuutuma huu vizuri, mingine itampa shida ndogo.

Namba iliyo mlangoni

Soma namba ya kontena mwenyewe, mlangoni, si kwenye meseji uliyotumiwa na mtu. Ina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena, ya nne ni U, zinafuata tarakimu sita za mfululizo, na ile ya saba, ambayo aghalabu imezungushiwa kiboksi, ni tarakimu ya uhakiki. Wengi huiona kama mkia tu wa namba. Kumbe ndiyo inayokuokoa dereva anapokusomea namba kwenye simu inayokatika-katika.

Hesabu yake ni hii. Kila herufi ina thamani: A ni 10, B ni 12, na kuendelea mpaka Z ambayo ni 38, ukiziruka 11, 22 na 33 njiani. Chukua namba ya mfano CSQU 305438 3. C ni 13, S ni 30, Q ni 28, U ni 32. Alama ya kwanza izidishe kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, unaongeza mara mbili hivyo hivyo hadi alama ya kumi ambayo unaizidisha kwa 512. Jumlisha majibu yote: unapata 6,185. Gawa kwa 11, inakwenda mara 562 na kubaki 3. Hiyo 3 ndiyo tarakimu ya mwisho. Ikibaki 10, huandikwa 0. Sasa tuseme karani amepindua tarakimu mbili akaandika 304538. Jumla inakuwa 6,249, na ukigawa kwa 11 inabaki 1. Haifanani na 3, kwa hiyo unajua papo hapo kuna kosa, kabla namba haijaingia kwenye mfumo wa mtu yeyote.

Weka fomula hiyo mara moja kwenye jedwali la kompyuta, kila namba ya kontena ipite humo. Kosa la tarakimu moja likiingia kwenye TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha, idhini ya forodha hutoka kwa kontena ambalo halipo. Lori likifika getini bandarini, wanasoma namba halisi, mfumo unakataa, na marekebisho yanaanza huku jenereta inanguruma pembeni mwa barabara na dizeli inapungua. Ni kosa la sekunde moja linalokula siku nzima au zaidi.

Hesabu hii ina kitu kimoja haikioni: namba sahihi ya kontena lingine. Yakipakiwa makontena mawili siku moja uwanja mmoja, nyaraka zinaweza kubadilishana na kila namba ikapita uhakiki. Dawa yake ni picha ya mlango uliofungwa, inayoonyesha namba ya kontena na namba ya lakiri kwa pamoja, iliyopigwa tela likiwa limeshaungwa na kichwa ambacho namba zake ziko kwenye picha ya pili.

Wanaotuma sampuli kwa ndege nao wana kinga kama hiyo. Hati ya mzigo wa ndege ina tarakimu 11: tatu za shirika la ndege, saba za mfululizo, na moja ya uhakiki ambayo ni baki la zile saba zikigawanywa kwa 7. Mfululizo 1234567 unabakiza 5, basi mwisho ni 5.

Kwenye daftari la kutuma mizigo, kila kontena lipate mstari mmoja wenye namba ya bukingi, ya kontena, ya lakiri, ya TANSAD, za kichwa na tela, na za virekodi joto vilivyowekwa ndani. Namba ya BL, yaani hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli, itaongezwa baadaye. Zikikaa mahali pamoja, yeyote ofisini anaweza kumjibu mteja hata aliyepakia akiwa amelala.

Kontena tupu na jenereta

Makontena ya baridi matupu mara nyingi hupanda kutoka Dar es Salaam, kilomita kama 830, kwa hiyo ukaguzi uanzie kule kwenye yadi. Ukiligundua bovu hapa Uyole umeshapoteza siku mbili za kupanda na mbili za kulirudisha. Angalia kibandiko cha ukaguzi wa mashine na tarehe yake. Ingia ndani, fungiwa mlango kwa muda mfupi mwenzako akiwa nje, tazama kama kuna mwanga unaopenya. Papasa mpira wa mlango pande zote. Nusa: kontena lililobeba samaki au kemikali halifai kwa tunda lenye mafuta. Vifereji vya sakafuni viwe wazi, visiwe vimezibwa na mabaki ya maboksi ya safari iliyopita.

Jenereta inayofungwa mbele ya kontena au chini ya tela hula dizeli kwa wastani wa lita 3 mpaka 4 kwa saa, ikitegemea joto la nje. Piga hesabu kwa kiwango cha juu. Safari ya saa 60 kwa lita 4 ni lita 240. Ongeza akiba ya saa 24 za foleni, lita 96, unafika 336. Linganisha na ujazo wa tangi, uamue mapema itajazwa wapi tena, nani atalipa, na risiti itatumwa kwa nani. Ukimwachia dereva aamue mwenyewe, dizeli ya jenereta itageuka dizeli ya kichwa.

Kupakia

Mashine ya kontena haikupewa nguvu ya kupoza tunda lenye joto. Kazi yake ni kulinda baridi ambayo tunda limekuja nayo. Parachichi lililoingia likiwa na nyuzi 18 litakaa siku nyingi likishuka polepole, na katikati ya pakiti, yaani maboksi yaliyopangwa juu ya paleti ya mbao, litakuwa linapumua na kujitengenezea joto lake lenyewe. Poza kwanza kwenye chumba cha baridi hadi nyuzi 5 au 6, na upime kwa sindano ya pimajoto iliyochomwa ndani ya nyama ya tunda. Joto la hewa ya chumba si joto la tunda. Pima tunda la boksi la katikati ya pakiti, si la pembeni. Andika kipimo cha kila pakiti ya tatu au ya nne, ukiambatanisha saa.

Mlango ukiwa wazi, mashine izimwe. Ikiachwa inafanya kazi, hunyonya hewa ya nje yenye unyevu, barafu huganda kwenye vyuma vyake, na saa za mwanzo za safari zinaishia kwenye kuyeyusha barafu.

Kwenye kupanga joto, makosa mawili hurudiwa kila msimu. La kwanza ni alama ya kutoa: mtu anataka 5, kidole kinaacha −5, na kufikia Morogoro matunda yameganda. La pili ni tundu la hewa. Bukingi inasema mita za ujazo kwa saa, fundi anafungua kwa asilimia, na hivyo si kipimo kimoja. Na kama kontena ni lile linalodhibiti hewa, lenye oksijeni iliyopunguzwa, tundu hilo lazima liwe limefungwa kabisa, la sivyo umelipia teknolojia ambayo haifanyi kazi. Piga picha ya kioo cha mashine baada ya kupanga, tena dakika 30 baada ya kufunga mlango.

Mpango wa kawaida ni pakiti 20 zenye maboksi 264 kila moja, jumla maboksi 5,280 ya kilo 4. Hewa baridi hutoka chini kupitia vifereji vya sakafu na kupanda katikati ya maboksi. Ukiacha uwazi mkubwa mlangoni, hewa itachukua njia hiyo nyepesi na kurudi kwenye mashine bila kupita kwenye tunda, kwa hiyo sehemu ya sakafu iliyobaki wazi ifunikwe kwa kadibodi nzito. Juu usivuke mstari mwekundu wa ndani ya kontena. Maboksi yapangwe kona juu ya kona, maana nguvu ya boksi iko kwenye kona zake. Ukipishanisha kama matofali, yale ya chini yatabonyea kabla hujafika Chalinze. Mbao za pakiti ziwe na mhuri wa kimataifa unaothibitisha zilipashwa joto hadi kiini kufikia nyuzi 56 kwa dakika 30. Pakiti moja isiyo na mhuri inaweza kuzuia kontena zima kwenye bandari ya kushukia.

Kirekodi joto kimoja kiwekwe kwenye pakiti ya mwisho karibu na mlango, ambako ndiko kwenye joto zaidi, na kingine katikati. Kiwashwe! Virekodi visivyobonyezwa kitufe cha kuanza ni vingi kuliko vilivyoharibika.

Mkaguzi wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, akishamaliza, ndipo funga lakiri, au sili kama madereva wanavyoiita. Iwe ya bolti, ya kiwango cha ulinzi wa juu, yenye herufi H. Ifungwe kwenye mlango wa kulia, ambao lazima ufunguliwe kwanza kabla ya ule wa kushoto. Ikikatwa njiani na mamlaka yoyote, si janga: namba mpya iandikwe, pamoja na jina la ofisi, saa na sababu, na BL ibebe namba ile ya mwisho. Janga ni lakiri mpya isiyo na maelezo.

Mizani

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika kwetu Machi 2019, inaruhusu hadi tani 56 kwa gari la ekseli saba. Ekseli ya usukani ni tani 8, ekseli mbili za kuvuta zenye tairi pacha tani 18, na ekseli tatu za tela tani 24. Kwa kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu, hiyo ni 8, 18 na 24, jumla 50.

Tupige hesabu ya kontena letu. Boksi la kilo 4 za tunda, pamoja na karatasi lake, tuliweke kilo 4.3. Mara 5,280 ni kilo 22,704. Pakiti za mbao 20 za kilo 22 ni 440. Mzigo wote kilo 23,144. Kontena tupu kilo 4,700, jumla 27,844. Jenereta 800, kichwa na tela 15,500. Tunafika kilo 44,144, karibu tani 6 chini ya kikomo.

Kwa hiyo tatizo la kontena hili kwenye mizani haliwi jumla, bali mgawanyo. Kiti cha tela juu ya kichwa kikisogezwa mbele kupita kiasi, ekseli ya usukani inavuka tani 8, hasa matangi yakiwa yamejaa. Kwa makontena ya futi 20 hali ni ngumu zaidi: magunia 320 ya kahawa ya kilo 60 ni kilo 19,200, na kontena hilo likikalishwa mwisho wa tela la futi 40, ekseli tatu za nyuma hubeba karibu kila kitu huku za mbele zikiwa nyepesi. Mzigo wa wazi unaweza kusogezwa. Kontena lenye lakiri huwezi kulipanga upya bila kulifungua. Pima ekseli kwa ekseli hapa Mbeya, kabla mizani za Makambako, Wenda na Vigwaza hazijakupimia.

Uzito huo huo ndio unaozaa VGM, ile hati ya uzito uliothibitishwa ambayo meli haipakii kontena bila hiyo tangu tarehe 1 Julai 2016. Unaruhusiwa kupima kontena zima lililopakiwa, au kupima kila kilichoingia ndani kisha kujumlisha na uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Hapa watu hujichanganya. VGM ya mfano wetu ni 27,844, lakini uzito wa mzigo kwenye BL ni 23,144, kwa kuwa BL haihesabu kontena lenyewe. Tofauti ya hizo mbili lazima iwe sawasawa na uzito ulio mlangoni, 4,700. Isipokuwa hivyo, mojawapo ni ya kubuni.

Saa nne ipi?

Dereva ameandika "nimefika saa 4". Je, ni asubuhi au usiku? Au amesoma kioo cha simu yake, akamaanisha 04:00 alfajiri? Kwa Waswahili hili si jambo dogo, kwa sababu tunahesabu saa kwa namna moja na mashine zinahesabu kwa namna nyingine, na kati yake kuna saa sita.

Tunduma inaongeza ugumu. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ng'ambo ya pili ya geti, Nakonde, saa inasoma tofauti, na simu inaweza kujibadilisha yenyewe ikidaka mnara wa ng'ambo. Vifaa vya kufuatilia magari na virekodi joto navyo mara nyingi huja vimepangwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Wakati mmoja huo huo basi unaweza kuandikwa saa 4 asubuhi na dereva, 10:00 na karani wa Tunduma, 09:00 na wakala wa Nakonde, na 07:00 na kifaa. Mtu asiyejua akiziweka kwenye jedwali moja atagundua "saa tatu zilizopotea" na kuanza kumshuku dereva aliyefanya kazi yake vizuri.

Amueni namna moja na muishike: mtindo wa saa 24, saa za Tanzania, na herufi TZ mbele yake. Dereva aendelee kusema kwa Kiswahili chake, ila aseme asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ofisi ndiyo ibadilishe.

Kwa kuwa tumefika Tunduma, neno kwa wenye mizigo ya kupita kwenda Zambia na Kongo. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019 kimepunguza kusimama mara mbili, lakini lori kuvuka si mwisho wa kazi. Mzigo wa kupita unakwenda chini ya dhamana ya forodha, na dhamana hiyo hufunguliwa pale tu ambapo kutoka kwake kumethibitishwa kwenye mfumo na lakiri ya kielektroniki imekabidhiwa. Dereva akipita kwa haraka bila uthibitisho, bidhaa zitashushwa Lubumbashi huku kwetu zikionekana bado ziko njiani, na dhamana ya wakala imeshikwa. Fuatilia mpaka dhamana ifunguliwe, kisha ndipo ufunge jalada. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA ikaguliwe tarehe kabla ya safari, si mpakani. Na laini ya simu iliyo ndani ya kifaa cha lori iwe na romingi. Isipokuwa nayo, gari litakuwa kimya kuanzia Nakonde hadi litakaporudi.

Barabarani

Andaa ratiba yenye vituo vichache: Uyole, Makambako, Iringa pale Ipogoro, Ruaha Mbuyuni, Morogoro, Vigwaza, geti la bandari. Kila kituo kipewe saa mbili, saa inayotarajiwa na saa ya kupiga simu. Kabla ya saa ya kupiga simu, usimsumbue dereva. Kumpigia mtu aliye kwenye usukani kila baada ya saa moja ni kumtafutia ajali, na baada ya siku moja ataacha kupokea, hata siku utakapokuwa na jambo la kweli. Ikipita saa hiyo bila taarifa, piga, na uliza maswali mawili tu: uko wapi, na kioo cha mashine kinasoma nyuzi ngapi.

Kusoma ramani nako kuna ujuzi wake. Kidoti kilichoganda hakimaanishi lori limesimama. Kwenye mabonde mtandao unaweza kukatika, kifaa kikatunza alama zake na kuzituma zote kwa mkupuo kikipata mnara. Tazama saa ambayo alama ilichukuliwa, si saa iliyopokelewa. Mwendo mdogo kwenye mteremko wa Kitonga ni habari njema: lori lililoshiba linashuka kona zile kwa gia nzito, polepole. Ukiona linashuka kwa kilomita 60 kwa saa, dereva anategemea breki, na breki zikishika moto hazishiki gari.

Joto lisome kwa namba mbili, hewa inayotoka kwenye mashine na hewa inayorudi. Inayotoka ikiwa 5 na inayorudi 6.5, kazi inakwenda. Zote mbili zikipanda pamoja taratibu, mashine imezimika, basi uliza dizeli kwanza. Inayotoka ikibaki sawa na inayorudi ikiwa juu kwa siku nzima, tunda lilipakiwa na joto au hewa haizunguki. Kupanda kwa ghafla na kushuka ndani ya muda mfupi kwa kawaida ni mashine kuyeyusha barafu yake, si sababu ya kumwamsha mtu usiku.

Bandarini na baharini

Bukingi ina saa za mwisho zaidi ya moja, na kila moja inauma peke yake: ya maelekezo ya kuandika BL, ya VGM, na ya kontena kuingia getini. Wengi huiona hii ya mwisho tu. Kontena linaweza kuwa ndani, limechomekwa umeme, likaachwa kwa sababu VGM ilitumwa saa mbili baadaye. Rudi nyuma kutoka kwenye saa ya geti: siku moja ya akiba, siku mbili na nusu za barabara, siku ya kupakia na ukaguzi. Hapo ndipo unapopata siku ya kuvuna, na si vinginevyo.

Rasimu ya BL ikija, isome ukiwa na daftari mkononi: jina la mpokeaji herufi kwa herufi, kontena, lakiri, idadi ya maboksi, uzito, kiwango cha joto. Kusahihisha rasimu hugharimu muda kidogo. Kusahihisha BL iliyokwisha kutolewa hugharimu pesa na siku.

Meli ikiondoka, ufuatiliaji unabadilika. Tumia namba ya BL kwanza. Ukitafuta kwa namba ya kontena peke yake unaweza kuonyeshwa safari yake ya zamani, maana kontena huzunguka dunia likiwa na namba ile ile, linganisha tarehe. Tovuti za kuonyesha meli huonyesha meli, na kontena lako linaweza kuwa limeshaachwa nyuma. Mizigo yetu mingi hubadilishwa meli njiani, kwa mfano kwenye bandari ya Salalah au ya Jebel Ali. Matukio mawili ya kutazama pale ni kushushwa na kupakiwa tena. Ukiona limeshushwa, meli ya pili imeondoka, na hakuna tukio la kupakiwa, kontena limebaki. Usingoje tangazo. Andika siku hiyo hiyo kwa wakala wa meli uulize meli mpya na tarehe, na umjulishe mnunuzi kabla hajakuuliza. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozifanya meli nyingi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari za Ulaya zilirefuka kwa wiki moja hadi mbili, na kwa tunda hiyo ndiyo tofauti kati ya gumu na laini. Tarehe ya kufika ya mwanzo ichukuliwe kama makadirio na ihakikiwe kila wiki.

Mnunuzi akifungua mlango, apige picha ya lakiri kabla ya kuikata, achome pimajoto kwenye tunda la pakiti ya mlangoni na ya katikati, na akutumie data za virekodi joto siku hiyo hiyo. Kama kuna uharibifu usioonekana kwa nje, taarifa ya maandishi kwa msafirishaji itolewe ndani ya siku tatu tangu kupokea, na madai ya mahakamani yana mwaka mmoja chini ya kanuni zinazotajwa nyuma ya BL nyingi. Omba pia data za mashine ya kontena lenyewe, kabla halijapelekwa safari nyingine. Hapo vipimo vya sindano vilivyoandikwa Uyole, picha ya kioo, risiti ya dizeli ya Morogoro na namba ya lakiri ndivyo vitakavyoonyesha joto lilianza kupanda mikononi mwa nani. Jalada likae kamili kwa huo mwaka mzima, hata kama mnunuzi ameshalipa.